Mikebe ya Mstari wa Mbele

Kufuli la stoo halikuvunjwa. Inspekta Nekesa aliligeuza mkononi, akachungulia tundu la ufunguo, kisha akalirudisha kwenye pete yake.

"Limefunguliwa kwa ufunguo," alisema.

"Si ndivyo nilivyokwambia jana?" Bi Hajra alisimama nyuma yake, mikono ameifumbata juu ya rida yake, vazi la wanawake wa Kibohora, ya rangi ya pichi. "Funguo ni mbili. Mmoja ni wangu, hukaa nyumbani, kwenye msumari wa jikoni. Wa pili anao Kaingu. Mwengine nani?"

Kaingu, mtunza stoo, alikuwa seli tangu jana alasiri. Ilikuwa siku ya ugawaji, akina mama wamepanga foleni na watoto mgongoni, na Nekesa mwenyewe ndiye aliyemfunga pingu mbele yao. Kichochoro cha stoo hakipitishi gari, kwa hivyo walimtembeza kwa miguu, barabara ya Ndia Kuu yote, mpaka Ngome ya Yesu walikoacha gari la polisi. Watu walitoka madukani kutazama. Mtu mmoja alipiga kelele: mwizi wa maziwa ya watoto.

Leo, kabla mahakama haijafunga, Kaingu lazima asimame mbele ya hakimu au aachiwe. Karatasi ya mashtaka ilikuwa kwenye mkoba wa Nekesa, inangoja sahihi yake.

"Nionyeshe maziwa yalipokuwa," alisema.

Stoo ilikuwa chumba cha chini cha nyumba ya kale mtaa wa Kibokoni. Humo ndimo Bi Hajra alimoanzishia shirika lake, Mbeleko, baada ya kustaafu ualimu. Familia zisizojiweza zenye watoto wachanga zilipata hapo nepi, sabuni, vyandarua, nguo ndogo ndogo zilizokunjwa vizuri, na maziwa ya unga. Kila mkebe wa maziwa ulibandikwa karatasi ya kijani yenye neno moja kubwa: HAIUZWI. Wiki iliyopita mkebe mmoja wenye karatasi hiyo ulionekana katika soko la Marikiti, juu ya meza ya muuza viazi. Jana Bi Hajra alikagua stoo, akakuta mikebe mingine haipo. Akaita polisi.

Konstebo Seth alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa picha. Zilikuwa nyingi, zimepangwa kwa safu. Katika kila moja mwanamke mwenye mtoto alishika mkebe kifuani.

"Mbona wote wameinamisha vichwa?" aliuliza.

"Wafadhili wanataka picha, kijana. Bila picha hakuna kontena."

"Na mama akikataa kupigwa?"

"Hajakataa mtu," alisema Bi Hajra. "Kwa nini akatae? Ni msaada."

Nekesa alikuwa kwenye rafu. Alizipitia moja moja kwa macho, kisha akarudi ile ya tatu. Ilijaa vizuri kuliko zote. Mikebe ilisimama bega kwa bega, majina yote yametazama mbele, hakuna pengo. Alipenyeza mkono kati ya mikebe miwili. Mkono ukaenda, ukaenda, mpaka vidole vikagusa ukuta.

"Nyuma ya hii hakuna kitu," alisema.

Bi Hajra alisogea. "Ndiyo iliyopungua. Jana nilipogusa nikaona mstari ni mmoja tu."

"Rafu hizi hupangwa na nani?"

"Kaingu. Kila kitu hupanga yeye."

Nekesa alirudi nyuma hatua kadhaa. Kwenye rafu nyingine mizigo ilianzia ukutani, ikapandishwa juu hadi darini, na mbele kukabaki nafasi tupu yenye vumbi. Ndivyo anavyopanga mtu aliyezoea kushusha magunia: mzigo kwanza uegemee. Rafu ya tatu peke yake ilikuwa kinyume. Mbele imejaa, nyuma hewa.

"Na haya ni maziwa gani?"

"Ya soya. Kuna watoto maziwa ya ng'ombe huwadhuru, hutapika, hutoka upele. Ni wachache sana. Tulikuwa nao wawili, na mmoja amehamia Malindi."

"Ule mkebe wa Marikiti ulikuwa wa soya?"

Bi Hajra alifikiri. "La. Ule ulikuwa wa kawaida."

"Maziwa ya kawaida yamepungua?"

"Hayo... hapana. Hayo yako sawa."

"Basi hatuna wizi mmoja," alisema Nekesa. "Tuna mambo mawili, na tumemfunga mtu mmoja kwa yote mawili."

*

Muuza viazi wa Marikiti aliitwa Benard. Alipowaona polisi aliacha kupanga mafungu yake, akafuta mikono kwenye suruali.

"Afande, ule mkebe mimi sikununua," alisema kabla hajaulizwa. "Nilibadilishana. Viazi na mchele, basi. Kwani kubadilishana ni kosa?"

"Ulibadilishana na nani?"

Benard alitazama huku na huku. "Lazima niseme?"

"Kuna mtu anakwenda mahakamani leo kwa ajili ya mkebe huo."

Alielekeza kwa kidevu. Nyuma ya soko, kwenye kivuli cha ukuta, wanawake walikuwa wamekaa juu ya magunia wakimenya vitunguu saumu vya mahoteli. Wa mwisho alikuwa msichana mwembamba mwenye mtoto mgongoni. Alipoona viatu vya Seth vimesimama mbele yake, kisu kilitulia.

"Unaitwa nani, dada?" Nekesa alichuchumaa.

"Caroline."

"Mkebe wa maziwa uliompa Benard, ulipewa na Kaingu?"

"Hapana!" Wenzake waligeuka, naye akashusha sauti. "Nilipewa kwenye foleni kama wengine. Nendeni mkatazame pale ukutani. Picha yangu ipo, nimeushika mkebe wenyewe."

"Kwa nini ukautoa?"

Caroline aliokota punje ya kitunguu saumu, akaitazama, akaiweka tena chini. "Mtoto ananyonya, afande. Mwenye njaa ni mimi. Nilimwambia yule dada anayegawa, akasema hapa hatutoi chakula, tunatoa vitu vya watoto. Nikasema sawa, asante. Mbele ya kamera ungesema nini?"

Seth alikohoa, akaangalia upande wa mapapai.

"Jana ulikuwa kwenye foleni?" Nekesa aliuliza.

"Nilikuwepo."

"Ulimwona Kaingu akichukuliwa."

Mtoto alianza kulia. Caroline alimtikisa, uso wake ameuelekeza chini kabisa. "Nilimwona. Yeye ndiye hunibebea mtoto nikipanga foleni. Nikasema labda ana wizi mwingine mimi siujui. Nikanyamaza." Alivuta kamasi. "Mtaniandika?"

"Sitakuandika. Kile ulipewa kilikuwa chako."

Walipotoka upande wa pili wa soko, Seth alisema, "Basi huo umekwisha. Umebaki wa soya. Lakini nani anaiba maziwa ya soya, afande? Hapa Mombasa nzima utamuuzia nani?"

"Hayauzwi. Yananywewa. Kuna mtoto mmoja mahali anayetapika maziwa ya ng'ombe, na mtu anampelekea."

"Na ufunguo?"

"Ufunguo uko kwenye msumari wa jikoni. Jiko lina watu wangapi?"

Seth alisimama. "Bi Hajra na mumewe tu. Mzee Hakimuddin. Afande, yule babu? Si ndiye aliyetuletea maji jana?"

"Ndiyo," alisema Nekesa. "Twende tukamshukuru."

*

Duka la Hakimuddin lilikuwa mtaa wa pili nyuma ya Marikiti, la vifaa vya ujenzi, na jina la babu yake bado lilisomeka juu ya mlango. Mzee alikuwa nyuma ya kaunta, kofia nyeupe ya uzi wa dhahabu kichwani, ndevu zimechanwa vizuri. Hakukuwa na mteja.

"Karibu, binti yangu, karibu. Habari za kazi?"

"Salama, mzee. Habari za biashara?"

"Tunamshukuru Mungu. Kaingu amesema kitu?"

"Amesema hakuiba."

"Haya." Mzee alipangusa kaunta iliyokuwa safi tayari. "Mwenyezi Mungu ataleta kheri."

Nekesa aliinua macho. Nyuma ya mzee rafu za rangi zilipanda hadi juu, ndoo moja kando ya nyingine, majina yote yametazama mlangoni, hakuna pengo. Mpita njia angedhani duka limeshiba.

"Nataka rangi nyeupe," alisema. "Ndoo ndogo. Lakini hizi za mbele zimepigwa jua, naona kifuniko kimechakaa. Nipatie ya mstari wa nyuma."

Mkono wa mzee ulibaki juu ya kaunta. "Ya mbele ni nzuri."

"Naiona. Naomba ya nyuma."

Nje mchukuzi alipita na mkokoteni, akipiga mluzi watu wampishe. Mzee alingoja kelele ipite.

"Hakuna ya nyuma," alisema.

"Kwenye hiyo tu?"

"Kwenye zote."

Nekesa aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mteja aliyeambiwa bei. "Basi nipatie misumari. Inchi mbili."

Hiyo ilikuwepo. Mzee aliinama chini ya kaunta haraka, kwa nafuu ya mtu aliyeombwa kitu anachoweza kutoa, akaibuka na mkebe, akauweka mbele ya Nekesa na kufungua kifuniko. Misumari ilimetameta. Mkebe ulikuwa mpya, una picha ya dubu aliyelala. Kifuani pa dubu kulikuwa na mkwaruzo mpana ambapo karatasi ilibanduliwa kwa kucha, na kwenye ukingo wa mkwaruzo ilibaki kijani kidogo.

Seth aliusogeza mkebe, akasoma ubavuni. "Soya," alisema. "Mzee, umeweka misumari kwenye mkebe wa soya?"

Hakimuddin aliutazama mkebe kana kwamba mtu mwengine ndiye aliyeuleta. "Ni mkebe mzuri," alisema hatimaye. "Una kifuniko. Ningeutupaje?"

Akakaa juu ya kigoda chake.

Mwisho wa kaunta kulikuwa na tifini, bakuli nne za chuma zilizopandana na mshikio juu. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Nekesa aliigusa kwa kiganja. Ilikuwa baridi. Aliitazama sura ya mzee, na mzee mwenyewe akanyosha mkono, akafungua kitasa. Bakuli ya juu ilikuwa na unga mweupe. Ya pili vilevile.

"Chakula chetu Mabohora hutoka jiko la jumuiya," alisema. "Kila nyumba ina vyombo hivi. Nikipita navyo Bondeni, hakuna anayeniuliza nimebeba nini. Watasema tu, kula vyema, babu."

"Nani yuko Bondeni?"

"Zoya. Binti yetu. Ana mtoto wa kike, miezi minne. Maziwa yake mwenyewe yalikatika. Ya ng'ombe, mtoto anatoka upele mwili mzima, analia mpaka anakosa sauti."

"Na baba wa mtoto?"

"Owais ni kijana mzuri. Alikuwa na duka la simu, likafungwa kabla mtoto hajazaliwa. Sasa anabeba mizigo ya watu bandarini na amewaambia majirani ni msimamizi." Mzee alionyesha rafu kwa kidole gumba bila kugeuka. "Ningewasaidia kwa dukani. Umeona duka."

"Mkeo ana shirika zima la watoto wachanga, mzee. Kibokoni na Bondeni ni hapa na hapo. Kwa nini binti asiende?"

"Alikwenda."

"Lini?"

"Alikwenda mara moja, siku ya ugawaji, amejifunika. Alifika mlangoni. Mama yake alikuwa amempa mgongo, anamshughulikia mwanamke mmoja mbele ya kamera. Anamwambia, inua mkebe, inua mama, usione haya." Hakimuddin alifunika tifini. "Zoya akageuka akarudi. Mama yake hajui mpaka leo. Yeye huwaambia watu msikitini kwamba binti yake ana maduka mawili."

"Kwa hivyo ukachukua ufunguo."

"Kaingu akienda kula, naingia, natoka. Nikatengeneza mbele, pasionekane pengo. Ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote."

"Na jana?"

Mzee alikipangusa kifuniko cha tifini.

"Jana ulikuwepo stoo," alisema Nekesa. "Ulinipa chupa ya maji. Ukampa na Kaingu, ukamshikia, kwa sababu mikono yake ilikuwa imefungwa. Nilidhani ni huruma."

"Nilisema watamwachia. Nilisema hawatakuta kitu kwake, watamwachia, na nitamtafutia kitu kizuri cha kumpa."

"Hatukukuta kitu. Na leo alasiri anafikishwa mahakamani."

Hakimuddin alifunika uso kwa viganja. Kofia ilisogea, hakuirekebisha. Seth alikuwa ameanza kufunga tena mkebe wa misumari na hakumaliza.

"Binti," mzee alisema ndani ya viganja, "mnaweza kuandika bila jina langu?"

"Ninaandika ninachokijua. Kama kesi itaendelea au haitaendelea, hilo ataanza kusema mlalamishi. Mlalamishi ni mkeo." Nekesa alichukua mkebe wa misumari. "Huu ni ushahidi. Seth, chukua tifini."

"Nayo ni ushahidi, afande?"

"Ni chakula cha mtoto. Mzee atakuonyesha nyumba. Bisha hodi, sema babu ametuma, usiseme lingine. Kisha mnikute stoo."

*

Hakimuddin alimwambia mkewe kwa Kiswahili, polisi wakisikia. Alimaliza upesi. Bi Hajra alikuwa amesimama kando ya meza ya nepi, na muda wote aliokuwa akisikiliza alikuwa akikunja kijishati kimoja cha manjano, anakikunjua, anakikunja tena.

"Alifika mlangoni?" aliuliza.

"Alifika."

"Hapa?" Alionyesha kizingiti. "Na mimi nikasema inua mkebe?"

"Ulikuwa unasema na mwengine."

"Nilikuwa nasema na kila mtu." Aliweka kijishati. "Upele umepona?"

"Umepona."

Alitoa leso, akajipangusa midomo, si macho. Aliponyanyua uso alikuwa ni mwalimu tena.

"Inspekta. Hukumkuta Kaingu na kitu chochote."

"Sikumkuta."

"Basi si anaweza kuachiwa kwa kukosa ushahidi? Mtu hatajwi. Mimi naondoa malalamiko, Kaingu anarudi kazini, nitamtunza. Jina la Zoya litabaki safi. Shirika litabaki. Wakisikia wafadhili kwamba mwizi ni mume wangu, kuna watoto zaidi ya mia watakaokosa maziwa. Nisikilize. Si kwa ajili yangu."

"Kisheria inawezekana," alisema Nekesa.

"Haya."

"Lakini mtu anayeachiwa kwa kukosa ushahidi, Bi Hajra, mtaani huitwa mwizi aliyekuwa na bahati. Huyo nilimfunga mimi, mbele ya watu. Nataka umweleze wewe mwenyewe, nisikie utakavyosema."

*

Sajini wa zamu alimrudishia Kaingu mshipi, simu na ndara. Kaingu alijifunga mshipi taratibu, tundu kwa tundu. Alikuwa mtu mzima wa Kilifi, mabega mapana, na usiku mmoja wa seli ulikuwa umemkunja shati na uso.

Bi Hajra alimkabili kwenye ukumbi wa kituo. Mumewe alikuwa hatua moja nyuma yake.

"Kaingu, mwanangu. Yalitokea makosa. Sasa yamekwisha, na kazi yako iko palepale. Gari langu liko hapo nje, lina vioo vyeusi, litakupeleka mpaka mlangoni kwako Kisauni. Pumzika hata wiki nzima."

"Makosa gani, mama?"

"Ya... tulikosea kukagua."

"Soya imerudi?"

Bi Hajra alimgeukia mumewe. Nekesa aliegemea kaunta ya sajini.

"Kama haikurudi, haikukosewa," alisema Kaingu. "Imeibwa. Nani?"

"Kaingu, si lazima..."

"Mimi," alisema Hakimuddin.

Sajini aliacha kuandika. Kaingu alimtazama mzee kuanzia kofia mpaka viatu, kisha akarudi juu.

"Jana ulinipa maji," alisema. "Ukanishikia chupa. Nikayanywa, nikakuombea dua."

"Najua."

"Mke wangu amelala kwa jirani, kwa sababu watoto wa mtaa walirusha mawe kwenye bati wakiimba mwizi wa maziwa. Hilo ulijua?"

"Hilo sikulijua." Sauti ya mzee ilikuwa ndogo sana. "Niombe chochote, Kaingu."

"Gari sipandi."

"Utakwenda vipi?" aliuliza Bi Hajra.

"Jana nilitolewa stoo kwa miguu mpaka Ngomeni. Mchana, watu wanaona. Nirudisheni hivyo hivyo, kutoka Ngomeni mpaka stoo. Nyote mliokuwepo jana."

"Na unataka tufanye nini njiani?"

"Mimi hakuna ninachotaka, mama. Watu watauliza tu. Wakiuliza, wajibiwe."

Bi Hajra alimgeukia Nekesa. Inspekta alikuwa ametoa karatasi ya mashtaka kwenye mkoba, akaichana mara mbili, akaitupa kwenye debe la taka la sajini.

"Hii imekufa," alisema. "Ya mzee haijaandikwa. Kesho utakuja hapa kusema kama unalalamika juu yake au hulalamiki, na Kaingu atakuwepo. Leo mimi ni dereva."

*

Nekesa aliegesha gari la polisi mahali palepale pa jana, chini ya ukuta wa Ngome ya Yesu. Jua lilikuwa bado juu. Watalii wachache walikuwa wakipatana bei na wauza vinyago, na waongozaji walikaa kivulini wakingoja kundi jengine. Kaingu alishuka kwanza. Hakimuddin akafuata, kisha Bi Hajra, aliyekanyaga pindo la rida yake na kukataa mkono wa Seth. Nekesa alifunga mlango, akasimama nyuma ya wote, kama jana.

Hawakufika mbali. Kijana mmoja muuza vinyago, Elvis, aliyevaa fulana ya mpira na miwani ya jua juu ya paji la uso, aliwaona akaruka kutoka kwenye stuli yake.

"Eh! Mwizi wa maziwa!" Wenzake walicheka. "Wamekurudisha uwaonyeshe ulikoficha? Onyesha, baba, watoto wanalia!"

Kaingu alisimama. Alimtazama Elvis, kisha akatazama pembeni, baharini, kama mtu aliyemwachia mwenzake nafasi kwenye mlango.

Bi Hajra alikuwa ametoa leso tena, ameikunja kiganjani. Hakimuddin alikohoa.

"Hakuiba yeye," alisema.

"Nini, mzee?"

"Nasema Kaingu hakuiba. Niliiba mimi."

Elvis alimkodolea macho, kisha akapiga makofi, akacheka hata miwani ikamwangukia puani. "Mzee Hakimu! Sheikh wa misumari! Leo umeamka na mzaha. Bi Hajra, mume wako amechanganyikiwa na jua hili, mpeleke nyumbani."

Waongozaji waliokuwa kivulini waligeuza vichwa. Mtalii mmoja alishusha kinyago alichokuwa amekishika. Bi Hajra alitazama kando ya barabara, ambapo gari lake la vioo vyeusi lilikuwa limewafuata na sasa linanguruma polepole, kisha akalipungia dereva mkono aende zake.

"Si mzaha," alisema. "Ameiba mume wangu. Amempelekea mjukuu wangu maziwa aliyoyaiba stoo yangu, kwa sababu binti yangu aliona haya kusimama kwenye foleni yangu."

Kicheko cha Elvis kilikatika katikati. Aliivua miwani kabisa, akasimama nayo mkononi, asijue pa kuiweka.

"Pole, Kaingu," alisema. "Jana mimi ndiye niliyepiga kelele."

"Nilikusikia."

Wakaanza tena. Walikuwa wamepita vibanda vitatu, Ndia Kuu ndiyo kwanza inaanza kuwabana kwa kuta zake, pale Kaingu aliposimama na kugeuka nyuma.

"Mzee."

"Naam."

Kaingu alionyesha kibanda cha makubadhi ng'ambo ya njia. Mwenye kibanda alikuwa ametoka nje, gundi mkononi, shingo ameinyosha kuwatazama.

"Yule hakusikia."

Hakimuddin aliiweka kofia yake sawa, akavuka njia.